Gemu za mkakati za zamu: ipi ununue kama umechoka kubofyabofya

Kwenye bao, mchezaji huamua mawili tu: shimo la kuanzia na upande wa kwenda. Kete zikishaondoka, zinakwenda kwa kanuni mpaka zilale. Gemu ya zamu kwenye kompyuta nayo ipimwe hivyo: uamuzi mmoja unakudai mibofyo mingapi? Kwenye gemu hizi unajenga miji, unatuma vibarua na kuongoza majeshi kwenye ramani, zamu baada ya zamu. Ukiwa na miji miwili hutaona tofauti. Ukifika miji kumi, kila mmoja na vibarua wake, ndipo utakapojua kama gemu inakubebea mzigo au inakutwika.

Tumezipanga kwa kipimo hicho, tukizingatia laptopu zilizo mikononi mwa wengi Unguja na Pemba: za mkono wa pili, hazina kadi ya picha ya maana, na mara nyingi huchezewa kwa padi bila mausi.

1. Old World
Kila zamu unapewa maagizo yenye kikomo, na kila mwendo wa kikosi unakula maagizo. Kwa hiyo hulazimiki kumgusa kila askari; walinzi wa mpakani wakati wa amani unawaacha walipo. Kubwa zaidi ni kitufe cha kutendua. Kwenye padi kidole huteleza, na mausi iliyochoka swichi yake hubofya mara mbili kwa kubonyeza mara moja. Jeshi linaishia pasipotakiwa. Hapa unalirudisha, basi. Inataka mashine yenye nguvu zaidi kidogo, kwa hiyo soma mahitaji yake kabla ya kulipa.

2. Civilization IV
Ni ya 2005, na kiongozi wa ubunifu wake, Soren Johnson, ndiye pia aliye nyuma ya Old World. Kwa laptopu ya zamani, anzia hapa. Vikosi vinarundikana kwenye kigae kimoja cha ramani, unavihamisha vyote kama kundi. Kwenye mji, shikilia Shift huku ukibofya majengo manne au matano: yanajipanga foleni, na mji hautakuuliza kitu kwa zamu nyingi.

Wengi huharibu kwenye vibarua. Ukiwaachia wafanye kazi wenyewe, wanaweza kuvunja ulichokwisha kujenga. Kibanda anachojenga kibarua nje ya mji hukua kwa kutumiwa na mji wako zamu baada ya zamu, na kwa mwendo wa kawaida huchukua zamu 70 kufika daraja la juu. Kibarua akikivunja apande shamba, zamu zote hizo zimekwenda na maji. Fungua mipangilio kwanza, uweke alama mahali pawili: vibarua wasiguse vilivyokwisha kujengwa, na wasiguse misitu. Kisha ndiyo uwaachie.

3. Unciv
Hii ni bure, kwa simu ya Android, na ukishaipakua huhitaji bando kuicheza. Kitufe cha kumaliza zamu hukupeleka kwanza kwenye kikosi kinachosubiri amri, kwa hiyo huhangaiki kutafuta ramani nzima. Vibarua wanajiendesha ukitaka. Sura yake ni ya kawaida sana. Asiyejua kama atapenda gemu za aina hii aijaribu kabla ya kutoa hata shilingi.

4. Civilization VI
Ni nzuri kwa macho, lakini kwa kidole ndiyo nzito kuliko zote hapa. Kibarua ana kazi tatu tu za kuanzia, na huwezi kumwachia ajiendeshe. Kigae kimoja hakibebi askari wawili wa aina moja, kwa hiyo kupitisha jeshi la vikosi kumi kwenye njia nyembamba ni kumsogeza mmoja, kumsubiri, kumsogeza mwingine. Ukishainunua, washa mwendo wa haraka na mapigano ya haraka kwenye mipangilio. Civilization VII ya 2025 imeondoa vibarua kabisa, na kamanda mmoja hubeba vikosi kadhaa. Ila ni ya mashine nzito, si ya laptopu tunazozizungumzia.

Ukinunua kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, unaweza kudai pesa yako ndani ya siku 14, mradi hujacheza saa mbili. Usizimalize kwenye kijiji cha kwanza. Civilization IV na VI zinakuruhusu kuchagua enzi ya kuanzia: chagua ya mbele, jenga miji upesi, kisha hesabu mibofyo ya zamu moja nzima. Na ukiondoka kuswali au kula, ifunge gemu. Ikiwa wazi, saa zinahesabiwa hata usipocheza.