TheyWorkForYou kwa anayefuatilia mabishano ya tabianchi Westminster: hotuba nyota nne, muhtasari wa kura nyota mbili

Ukitaka kujua mbunge wa Uingereza alisema nini hasa kuhusu hewa ukaa, na si kile ambacho mahasimu wake wanadai alisema, kuna milango miwili. Upo wa Hansadi rasmi ya Bunge, na upo wa TheyWorkForYou, tovuti ya bure iliyoanza mwaka 2004 na inayoendeshwa na shirika la hisani la mySociety. Hii ya pili si mali ya Bunge. Inachukua kumbukumbu zile zile rasmi na kuzipanga upya kwa jina la mbunge, kwa mjadala na kwa kura. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu, kufuatilia vyama vinavyovutana juu ya malengo ya kupunguza gesijoto.

Nguvu yake iko kwenye utafutaji. Andika "net zero" (sifuri halisi, yaani kutotoa gesijoto zaidi ya zile zinazoondolewa hewani) ndani ya alama za kunukuu, la sivyo utaletewa kila hotuba yenye maneno hayo mawili hata yakiwa mbalimbali. Kisha bana matokeo kwa jina la mbunge na uyapange kwa tarehe. Wengi hukosea kwa kutumia neno moja kwa miaka yote. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2008 iliweka lengo la kupunguza 80% ifikapo 2050 kwa kulinganisha na 1990. Lengo la sifuri halisi liliingia 2019. Kwa mijadala ya kabla ya hapo, "carbon budget" inakamata samaki wengi zaidi, kwa sababu sheria yenyewe imejengwa juu ya bajeti za kaboni, yaani viwango vya juu vya gesijoto, za miaka mitano mitano.

Kwa majibu ya maandishi ya mawaziri, angalia pia jina la wizara. Nishati na tabianchi zilikuwa na wizara yao, DECC, kuanzia Oktoba 2008 hadi Julai 2016. Zikamezwa na wizara ya biashara, BEIS, halafu Februari 2023 ikazaliwa wizara ya sasa, yenye maneno "Net Zero" kwenye jina lake. Matokeo yake ni kwamba ukitafuta "net zero" utakuta makumi ya majibu ambayo hayahusu lengo lolote, ni jina la wizara tu limejipachika. Ongeza neno la pili, mfano "boilers" au "offshore wind", na takataka hizo zitapungua.

Arifa za barua pepe ni nzuri mno kwa huduma ya bure. Unaandika neno au unachagua mbunge, na likitajwa bungeni unapata kiungo kinachokupeleka kwenye hotuba yenyewe, si juu ya ukurasa wa saa sita za mjadala. Haraka, hata hivyo, usiitafute hapa. Mjadala wa leo jioni huonekana kesho yake, wakati Hansadi rasmi huanza kuutoa saa chache baada ya mbunge kuketi.

Sasa kura. Kila mbunge ana ukurasa wenye sentensi fupi kuhusu msimamo wake: amepiga kura mara nyingi kuunga mkono hatua za kuzuia mabadiliko ya tabianchi, au kuzipinga, au mchanganyiko. Sentensi hiyo ndiyo inayopigwa picha na kusambazwa wakati wa uchaguzi, na ndiyo tunayoipa nyota mbili. Haisemi uongo. Tatizo ni malighafi yake.

Westminster majina huandikwa pale tu Bunge linapogawanyika, yaani kengele inapigwa, wabunge wana dakika nane kabla ya milango kufungwa, na wanapita vijia viwili, cha Ndiyo na cha Hapana. Hoja isipopata wapinzani wa kutosha kulilazimisha Bunge ligawanyike, hupita kwa sauti na hakuna orodha. Fungua ukurasa wa tarehe 24 Juni 2019. Hiyo ndiyo siku Bunge la Commons lilipobadilisha 80% kuwa 100%, uamuzi mzito kuliko wowote wa tabianchi katika miaka ile. Utasoma hotuba, kisha mstari mmoja kwamba hoja imekubaliwa. Basi. Hakuna jina hata moja. Mbunge aliyeshangilia na aliyenuna kimya kwenye benchi la nyuma wako sawa mbele ya kumbukumbu.

Hata orodha ikiwepo, isome hadi chini. Tarehe 28 Oktoba 2008 muswada wa sheria ile ulipopita hatua ya mwisho, kura zilikuwa 463 kwa 3. Vyanzo vingi vinasema wapinzani walikuwa watano, na msomaji anadhani kuna aliyekosea. Hakuna aliyekosea: kila upande hutoa wahesabu kura wawili, nao hawahesabiwi, majina yao huwekwa mwishoni. (Usiku huo theluji ilianguka London, na Peter Lilley, mmoja wa hao watano, hakukosa kulikumbusha Bunge. Hansadi ina raha zake.)

Mfano wa kufungua kabla ya kumnukuu mtu yeyote ni kura ya 19 Oktoba 2022. Labour, wakiwa upinzani, walileta hoja ya kuchukua sehemu ya ratiba ya Bunge ili upitishwe muswada wa kupiga marufuku uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba. Wanadhimu wa Conservative, chama tawala wakati huo, walikuwa wamewaambia wabunge wao kwamba hiyo ni kura ya imani kwa serikali. Mwishoni kabisa mwa mjadala, waziri Graham Stuart akatamka kuwa si kura ya imani. Ikawa vurugu kwenye vijia. Matokeo yaliyotangazwa ukumbini yalikuwa 230 kwa 326, hoja ikaanguka. Orodha ya kwanza haikuwa na jina la Waziri Mkuu Liz Truss, ingawa ilielezwa baadaye kwamba alipiga kura ila kitambulisho chake hakikusomwa na mashine. Kesho yake alitangaza kujiuzulu.

Aliyepiga Hapana usiku ule alikuwa anapinga nini: marufuku, Labour kushika ratiba, au kupoteza kiti chake? Muhtasari hauwezi kujua. Na Chris Skidmore, waziri aliyetia saini lengo la 2019, alikataa hadharani kuiunga mkono serikali yake. Kwenye orodha ya kura kukataa huko ni nafasi tupu, sawa na ya mbunge aliyelazwa hospitali. Januari 2024 aliacha ubunge kabisa kwa sababu ya muswada wa leseni za mafuta na gesi.

Kwa hiyo bofya kutoka kwenye sentensi hadi kura moja moja, na kutoka kwenye kura hadi mjadala. Uliza hoja ililetwa na nani, na ingekuwa na nguvu gani kisheria. Angalia pia mwaka. Conservative walewale walioiunga mkono sheria ya 2008 wakiwa upinzani, Oktoba 2025 chini ya kiongozi wao Kemi Badenoch waliahidi kuifuta. Wastani wa miaka kumi na tano unafunika mgeuko wa namna hiyo.

Jambo jingine, tovuti haipimi ukweli wa takwimu. Mbunge akisema nchi imepunguza gesijoto kwa nusu tangu 1990, anazungumzia zile zinazotoka ndani ya mipaka ya Uingereza. Bidhaa zilizotengenezwa China na kununuliwa Leeds hazimo. Wabunge wa pande zote mbili hulijua hilo na hulitaja linapowafaa.

Kanuni ndogo, zile ambazo mawaziri hutunga chini ya sheria, zinazojadiliwa kwenye kamati zitafute moja kwa moja kwenye Hansadi rasmi.

Kwa Afrika Mashariki, Mzalendo ya Kenya, tovuti ya kufuatilia Bunge, iliwahi kujengwa upya kwa programu ya mySociety hao hao, kwa hiyo kupitia hotuba za Nairobi kwa jina la mbunge si kitu kigeni. Kura ndiyo shida. Hansadi ya Dodoma mara nyingi hukupa mabano mawili tu, hoja ilitolewa iamuliwe, hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Majina huitwa mmoja mmoja kwenye bajeti kuu ya Serikali, na hapo ndipo ungepata cha kuhesabu.