Testa ya soo tano iliyonionyesha betri haikuwa na makosa

Nimekaa na hii testa, kifaa cha kupima stima, miezi minne sasa kwa hivyo naona naweza kuiongelea. Ni ile ndogo ya manjano, DT830D, mmeiona kila mahali. Niliitoa kwa duka moja la stima huku nyuma ya Kenyatta Avenue, Nakuru, mia tano, hata sikubagein.

Sababu ya kuinunua ni nduthi, yaani pikipiki. Niko na Boxer 150 ya 2014, niliichukua kwa mkono wa pili, na tangu mwezi wa sita starta, ile mota ya kuamsha ingini, ilianza kuvuta pole pole. Unabonyeza, inasema ng'oo... ng'oo... halafu inanyamaza kama mtu ameamshwa usiku. Asubuhi za Julai hapa Lanet mnazijua, oili imekuwa nzito na baridi, hapo ndio hata haikuwa inajaribu. Kila mtu nilimwambia alinijibu kitu moja, si upige kiki tu. Sasa goti langu la kulia niliumia kwa mpira zamani, kiki kumi asubuhi siwezi, na kama ningekuwa naweza singelipa nduthi ya batani.

Fundi wa kwanza hakushika hata spana. "Hiyo ni betri buda." Nikanunua mpya, 2,800. Ikaamka vizuri siku tatu nne hivi, kisha ikarudi palepale ng'oo ng'oo. Wa pili alikuwa na taa, ile balbu ya waya mbili, akagusa huku na huku, taa ikawaka, akasema waya ziko sawa, starta ndiyo imekufa, leta 3,500. Hapo ndio nikasema hapana, wacha kwanza nijionee mwenyewe.

Jumamosi nikamwita mtoto wa dada yangu anisaidie kubonyeza, maana mikono miwili haitoshi, na tukachomoa kofia ya plagi tukaichomeka plagi ya zamani iliyolala kwa ingini ndio nduthi isiwake tukiwa tunapima. Testa unaweka kwa 20 upande wa DC, ile iko na kamstari kalikonyooka, sio ile ya wimbi. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.7. Nikamwambia bonyeza, ikashuka hadi 10.9. Sasa hapo nikajua 2,800 yangu imeenda bure, juu betri mbaya ingeshuka chini ya 9 na nusu na hii imekataa kushuka. (Ingeshuka sana na ni mpya, ningeshuku starta imekwama ndani inakula moto, yaani umeme, mwingi.)

Sasa sehemu tamu. Hii ndio watu wengi hawafanyi. Unaweka waya mwekundu kwa pozitivu ya betri, ule mweusi kwa nati ya starta yenyewe pale waya nene unaingilia, halafu unabonyeza. Namba unayoona ni zile volti zinaliwa njiani, kwa waya na kwa relei, ile swichi inayopitishia starta moto. Yangu 0.3, sawa tu. Kisha upande wa ethi, yaani njia ya kurudi negativu, waya moja wa testa kwa negativu ya betri, mwingine kwa mwili wa starta, chuma tupu. "Bonyeza." "Nimebonyeza anko." 1.4. Nikamwambia rudia. 1.4 tena. Piga hesabu, 10.9 ikitoka betri, toa 0.3, toa 1.4, starta ilikuwa inapata 9.2 peke yake na ndio ilikuwa inalia.

Mbona taa ya fundi iliwaka basi? Kwa sababu balbu inakula moto kidogo sana, hata waya ikibaki na uzi mmoja itawaka vizuri tu. Starta inavuta nyingi, na ni ikivuta ndio shida inajitokeza. Hata testa, ukipima upande wa ethi kama hujabonyeza starta, itakuonyesha sifuri na utadhani mambo ni poa.

Nikafuata waya wa ethi mpaka unapofungwa kwa ingini. Nikafungua ile nati ya kumi. Kumbe mwenye nduthi kabla yangu alipiga ingini rangi nyeusi ndio ionekane mpya ya kuuza, akafunga ethi juu ya rangi! Chini yake kuna unga wa kijani na kutu. Msasa dakika kumi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga kwa nguvu, nikapaka mafuta ya kujipaka juu maji yasiingie. Kupima tena, 0.1. Starta ikaruka mpaka kijana akatoa mkono kwa batani.

Ubaya wa testa uko pia. Haina mwangaza, kukiwa na giza unashika tochi kwa meno. Namba zinabadilika pole pole, kwa hivyo lazima mtu ashikilie batani sekunde tatu hivi ndio itulie. Waya zake ni nyembamba, moja ilichomoka kwa shina wiki ya tatu nikaichomelea na risasi ya kuunganishia waya. Na tafadhali usiende kupima ampea za starta kwa ile tundu ya 10A, mwenyewe nilikuwa karibu kufanya hivyo. Starta inavuta zaidi ya hizo kumi na ile tundu ya hii yangu haina hata fyuzi.

Naipatia nne kwa tano. Yule fundi wa betri alisikia, akakuja kuniomba nimuazimie ya wiki moja. Nikamwonyesha duka.