Programu ya kusimamia mashauri ya ustawi wa jamii: tathmini baada ya miezi minane

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia programu ya kusimamia mashauri ambayo ofisi yetu iliinunua ili ichukue nafasi ya majalada ya karatasi. Kwa kuwa wenzangu wengi katika ustawi wa jamii wanashawishiwa kununua programu za namna hiyo, naona ni wajibu wangu kueleza inavyomfaa au kumkwaza afisa anayerudi kutoka kwenye ziara ya nyumbani.

Ina mazuri yake. Shauri linapohamishwa kutoka kwa afisa mmoja hadi mwingine, historia yake yote huhama nalo, hivyo mama aliyekwisha kueleza alivyopigwa halazimiki kusimulia upya mbele ya mtu asiyemjua. Tarehe za mapitio hazitupiti tena. Usiri nao umezingatiwa, kwani kila anayefungua jalada huacha jina lake na saa aliyolifungua, jambo ambalo kabati la chuma halikuweza kutupatia.

Kasoro yake kubwa iko kwenye tathmini. Nilimtembelea mvulana wa miaka 9 anayeishi na bibi yake pamoja na mdogo wake wa kike. Kila nilipomuuliza yule mdogo swali, kaka yake aliwahi kujibu, na muda wote hakuuachia mkono wake. Bibi alipoinuka kwenda chumbani, wote wawili walinyamaza wakawa wanautazama mlango. Huenda walimwogopa, huenda walihofia kuachwa tena, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo kazi yenyewe. Programu ilinitaka nichague "salama", "si salama" au "haijulikani", kisha ikanipa herufi 300 za maelezo. Kwenye orodha ya walezi bibi hakuwamo, ikanibidi nimwandike "mwingine", na papo hapo shauri likapakwa rangi nyekundu. Nilipobadilisha neno hilo kwa majaribio, rangi ikatoweka. Hakuna mahali popote palipoeleza sababu.

Rangi hiyo ina uzito mkubwa, maana ndiyo inayopanga familia ipi itembelewe kwanza na ipi ingoje. Nchini Uholanzi, maelfu ya wazazi walituhumiwa kimakosa kufanya udanganyifu katika posho za malezi ya watoto, na mfumo wa kupima hatari uliotumika huko ulihesabu uraia kuwa kigezo kimojawapo. Januari 2021 serikali ilijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo, lakini familia zilikuwa zimekwisha kuzama katika madeni. Nalitaja jambo hilo kwa sababu wauzaji wa programu hizi huzungumzia kasi tu, ilhali anayepakwa rangi hana njia ya kuipinga asipojua imetoka wapi.

Jambo lililonisikitisha kuliko yote ni nafasi ya maoni ya mtoto. Iko ukurasa wa mwisho, na unaweza kuiruka ukafunga shauri bila kuandika neno, ingawa ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Profesa Eileen Munro, katika mapitio yake ya mwaka 2011 kuhusu ulinzi wa watoto Uingereza, alikwisha kuonyesha jinsi taratibu na fomu zinavyoweza kuula muda ambao afisa angekaa na mtoto na familia yake.

Tulipolalamika, watengenezaji waliongeza nafasi ya maelezo hadi herufi 2,000 na kuwaingiza bibi na babu kwenye orodha ya walezi, nami nawashukuru kwa hilo. Kuhusu rangi walijibu kwamba ukokotoaji wake ni siri ya biashara. Mkataba wetu unahuishwa mwishoni mwa mwaka, na nimeuandikia uongozi nikiomba usitiwe saini mpaka sababu za rangi zionekane kwenye ukurasa uleule inapotokea.