Kopo la kunasa oili kwenye gari la zamani: lipi ununue ukiwa Mbeya

Mwenye gari la zamani anayepanda mara kwa mara kutoka Mbeya mjini kwenda Chunya anaujua mchezo huu: ukifungua chujio la hewa unakuta limelowa oili, na plagi zimejaa masizi. Si lazima injini iwe imechoka. Kila injini hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni, na gesi hiyo hubeba ukungu wa oili. Kabla ya miaka ya 1960, magari mengi yaliutema ukungu huo barabarani kwa bomba. Baadaye ukarudishwa kwa mpira kutoka tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) hadi kwenye kabureta au menifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda), ukaunguzwe. Kopo tunalolizungumzia hukaa katikati ya mpira huo: gesi ipite, oili ibaki.

Kabla ya kutoa hela, acha injini ipate moto, kisha ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa kusukuma, mwambie fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Asikutishe na namba za kitabu: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo geji husoma chini kuliko ingesoma Dar. Linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiachwa mbali na wenzake, hela hiyo ipeleke kwenye ringi au valvu.

Kama injini ni nzima, chaguo langu la kwanza ni kopo la alumini lililozibwa kabisa, lenye vizuizi na wavu ndani, na koki ya kumwagia chini. Kinacholipiwa hapa ni tumbo la ndani: gesi ikigonga vizuizi na kupoa, matone hushikana na kudondoka. Omba ulifungue pale pale dukani. Muuzaji akikataa, mshukuru uondoke. Tazama pia matundu ya kuingilia na kutokea. Yakiwa membamba kuliko mpira wa gari lako, presha itajaa ndani ya injini na sili zitaanza kuvuja.

La pili ni la kuchongesha kwa mafundi wa kuchomelea wa Mwanjelwa. Binafsi napenda hili kwa Land Rover za zamani, maana unapata umbo linaloenea pale ulipo na nafasi. Ndani jaza stiliwaya za kusugulia sufuria, zile zisizoshika kutu. Zile laini za kijivu hukatika vipande, na kipande kikivutwa kwenye kabureta utajuta.

La tatu ni ProVent ya Mann+Hummel, yenye chujio la kubadilisha na valvu ya usalama. Kwa Land Cruiser ya dizeli ningeifanya chaguo la kwanza. Kwa kigari kidogo cha petroli ni gharama ya bure.

Kopo lenye kichujio kidogo juu, linalopumulia nje, sikushauri. Harufu itaingia ndani ya gari. Na ukiacha wazi mdomo wa menifoldi uliokuwa na mpira, injini itavuta hewa ya ziada na kukosa sailensa. Mwisho kabisa ni kile kichujio cha maji cha kompresa ya upepo, chenye kikombe cha plastiki. Njia zake ni nyembamba, na joto la boneti si saizi yake.

Kwenye kufunga, tumia mpira unaostahimili oili. Ule wa rejeta huvimba. Kopo likae mbali na ekzosti, na mpira usiwe na bonde la kutuamisha maji. Kama gari lilikuja na valvu ndogo ya kudhibiti mvuto, ibaki palepale: ukishuka Kitonga au Iwambi kwa gia huku umeachia mafuta, menifoldi huvuta kwa nguvu sana, na bila valvu hiyo itanyonya hata ulichokinasa.

Mwaga kila baada ya wiki mbili. Kwa walio Njombe na Makete, mwezi wa sita na wa saba mwageni kila wiki, hasa kwa safari fupi fupi za sokoni. Mtakuta uji wa rangi ya maziwa, ambao ni oili na maji yanayotokana na mvuke wa gesi kupoa. Usiurudishe kwenye injini hata kama oili imepanda bei.