Chujio la koni, kinu cha mkono au mashine ya parafujo: kipi kinafaa kwa persimoni za porini?

Kwa anayeokota persimoni za porini huko Marekani, matunda madogo matamu ya rangi ya chungwa, kifaa cha kununua ili kutenganisha rojo na mbegu ni chujio la koni lenye miguu mitatu na mchi wake wa mbao. Kinu cha kuzungusha kwa mkono ni cha pili, tena kwa masharti. Mashine ya parafujo, ile inayosifiwa kila msimu wa nyanya, haifai kabisa kwa tunda hili, hata ukiipata bure. Sababu zote zimo ndani ya tunda lenyewe.

Persimoni tunayoizungumzia ni Diospyros virginiana, mti wa asili ya Marekani unaoota kuanzia Connecticut hadi Florida, na kwa upande wa magharibi hadi Kansas na Texas. Kusini mwa jimbo la Indiana ndiko unakoenziwa zaidi: mji mdogo wa Mitchell una tamasha la persimoni lililoanza mwaka 1947. Wasemaji wa Kiswahili walioko Louisville, Lexington, Indianapolis na Columbus wamezungukwa na miti hii, na wengi huyakanyaga matunda yake bustanini bila kujua kwamba yanaliwa. Hizi si zile persimoni kubwa za dukani zenye asili ya Asia, ambazo mara nyingi hazina mbegu na hukatwa kwa kisu kama nyanya. Ya porini ina upana wa sentimita 2 hadi 5, ngozi nyembamba na rojo tamu sana, na ndani yake mbegu bapa, ngumu, zinazoweza kufika nane. Ukijaza bakuli, sehemu kubwa ya ulichojaza ni mbegu na ngozi. Vifaa vingi vinavyouzwa kwa kusifiwa kwamba “vinafaa kwa persimoni” vimefikiria lile tunda la dukani.

Kabla ya vifaa, uokotaji, kwa sababu hakuna chujio linaloondoa ukakasi. Tunda bichi limejaa tanini, kemikali inayokausha mdomo, na ukiling’ata ulimi na mashavu hukauka papo hapo kama umekula bibo ambalo halijaiva, ila kwa ukali mara kadhaa zaidi. Tunda moja bichi likipita kwenye chujio pamoja na hamsini yaliyoiva, rojo lote litakakasa. Kwa hiyo uteuzi ufanyike tunda kwa tunda. Lililoiva ni laini kiasi cha kubonyea kwa uzito wake lenyewe, ngozi imenywea, rangi imetoka kwenye chungwa linalong’aa na kuelekea kahawia au zambarau. Kipimo kizuri kuliko rangi ni kile kikonyo chenye majani manne juu ya tunda: kikitoka kwa kuvutwa kidogo tu, tunda limeiva, kikishikilia, liache.

Wenyeji wengi watakuambia usubiri baridi ya kwanza ya kugandisha ndipo uokote. Si kweli. Kuna miti inayoivisha Septemba kabla ya baridi yoyote, na mingine inaning’iniza matunda hadi Desemba, majani yote yakiwa yamepukutika. Baridi hulilainisha tunda bichi lionekane limeiva, na hapo ndipo watu wanapoumia. Onja tunda moja kutoka kila mti kabla ya kuanza kujaza, maana mti na mti hutofautiana sana, hata ikiwa imesimama jirani. Usishangae pia kukuta mti mkubwa usio na tunda hata moja: mipersimoni ina dume na jike, na jike pekee ndilo huzaa.

Tandika shuka au turubai chini, tikisa tawi polepole, na uchukue yanayoanguka yenyewe. Ukitikisa kwa nguvu utashusha mabichi. Tumia sinia au trei pana, si ndoo. Kwenye ndoo ya lita 20 yale ya chini hupasuka na kuanza kuchacha kabla hujafika nyumbani. Angalia nyigu, kwa sababu huingia ndani ya matunda yaliyopasuka na hawaonekani mpaka umeshika. Na uulize kwanza sheria za eneo: bustani za umma hazina kanuni moja, na pembezoni mwa barabara au reli huenda kumepigwa dawa ya magugu.

Sasa chujio. La koni ni chombo cha zamani katika majiko ya Indiana, na bado hakuna kilicholishinda. Ni bati lenye matundu madogo, limechongoka chini, limesimama juu ya miguu mitatu, na mchi wake umechongwa ufuate umbo hilohilo. Seti mpya kwa kawaida hupatikana kwa chini ya dola 50. Linafanya kazi kwa sababu mchi hautwangi, unaviringishwa ukutani. Mbegu bapa hulala na kuteleza kati ya mchi na bati, rojo linapita, mbegu hubaki nzima. Anayetwanga kama anatwanga kisamvu anapoteza faida yote hiyo: mbegu hukwama kwenye ncha ya chini na ngozi huziba matundu.

Osha matunda kwa maji baridi, toa vikonyo vyote (kimoja kikisahaulika kitameguka vipande vyeusi ndani ya rojo), kisha jaza chujio hadi nusu tu. Zungusha mchi kwa mwelekeo mmoja huku ukiuegemeza ukutani. Kila baada ya dakika moja au mbili kwangua nje ya chujio kwa mwiko wa mpira, kwa sababu rojo hili ni zito na halidondoki lenyewe. Wengi hudhani chujio limeziba, kumbe rojo limening’inia nje. Likiwa zito mno, vijiko viwili vitatu vya maji vinatosha. Mbegu zikianza kung’aa na kutoa mlio mkavu zikigusana, mwaga zote na uanze awamu mpya. Usikamue hadi tone la mwisho. Tone hilo linatoka kwenye ngozi, na ngozini ndimo ukakasi unapobakia. Lita 4 za matunda yaliyookotwa vizuri huleta takriban lita 1 ya rojo, pengine zaidi kidogo. Ukipata lita 2, aidha matunda yako ni makubwa ajabu au umekamua ngozi.

Kasoro za chujio hili ni mbili. La alumini hupoteza mng’ao na kuweka madoa likiachwa na rojo usiku kucha, kwa hiyo lioshwe mara moja, na kama unaweza kuongeza pesa kidogo, nunua la chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kisiguse rojo hata kwa muda mfupi: tanini ikikutana na madini ya chuma huwa nyeusi kama wino, na ladha inafuata. Kasoro ya pili ni miguu. Kwenye seti za bei ya chini miguu hutanuka ukiegemea, na chujio zima linaweza kupinduka likiwa limejaa. Weka kitambaa chenye maji chini yake.

Kinu cha kuzungusha kina mpini juu, bapa lililoinama ndani, na sahani ya matundu chini. Kwa viazi au tufaha zilizochemshwa hakina mpinzani. Kwa persimoni za porini, bapa hukandamiza mbegu kwenye sahani, mbegu ni nene kuliko nafasi iliyopo, na mpini unagoma. Ukilazimisha, springi ya katikati inalegea, na baada ya hapo kinu hakikamui tena chochote. Ukiwa nacho tayari na hutaki kununua kingine, kuna namna ya kukitumia: weka sahani ya matundu ya kati, si ile ndogo kabisa ambayo ngozi huiziba mara moja, ponda matunda kwa mikono kwanza na utoe mbegu nyingi kadiri unavyoweza, zungusha mara tatu mbele, moja nyuma. Kazi inaenda, ila kutoa mbegu kwa mkono ndiko kunakokula muda, na kwa muda huo mtu wa chujio la koni ameshamaliza na kuosha vyombo.

Mashine ya parafujo imejengwa kama ya kusagia nyama: tunda huingia juu, parafujo hulisukuma kwenye wavu, juisi inatoka upande mmoja na makapi mbele. Mbegu ya nyanya hupita bila habari. Mbegu ya persimoni ina urefu unaokaribia sentimita 2 na ugumu wa kuvunja kisu chembamba. Hujipachika kati ya parafujo na wavu, na kwenye mashine zenye parafujo ya plastiki kinachokubali kuvunjika ni plastiki. Blenda nayo isitumike mbegu zikiwa ndani, hata kwa kasi ya chini, kwani vipande vyake huacha mchanga mchungu usiochujika. Kwa matunda machache, chini ya lita moja, chujio la kawaida la waya na mgongo wa kijiko cha mbao vinatosha, ilimradi waya uwe imara.

Rojo likipatikana, liwekwe kwenye friza siku hiyohiyo. Pima vikombe viwili (mililita 480) kwa kila mfuko, toa hewa, laza bapa. Kiasi hicho ndicho mapishi mengi hutaka. Kuligandisha hakudhuru ladha. Kulifungia kwenye chupa za kabatini ni jambo jingine: asidi yake ni ndogo, na bila kuongezwa asidi kwa kipimo kilichothibitishwa si salama.

Upishi una mtego ambao maelezo ya vifaa hayautaji. Rojo lililo tamu kabla ya kupikwa linaweza kurudisha ukakasi likipashwa moto, kwa sababu tanini iliyokuwa imejifunga huachiliwa tena. Jaribio lake ni rahisi: chemsha kijiko kimoja cha rojo kwenye kikaango kidogo hadi kitokote, kipoe, onja. Kikikakasa, rojo hilo lipikwe na beking soda au liliwe bila moto. Ndiyo maana pudini ya Indiana, ile keki nzito ya rojo la persimoni, haikosi soda, na ndiyo maana inatoka rangi ya kahawia iliyokolea. Beking soda, tafadhali, si magadi ya kulainishia maharage, na wala si kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ambayo ni sumu.

Kwa pudini hiyo, kwenye trei ya sentimita 23 kwa 33: rojo vikombe 2, sukari gramu 300 (mapishi ya zamani huweka hadi 400, na ni tamu kupita kiasi), mayai 2, maziwa mala au mtindi mwepesi kikombe kimoja na nusu, siagi iliyoyeyushwa gramu 60, unga wa ngano gramu 190, beking soda kijiko kimoja cha chai, beking pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko. Wamarekani hutia mdalasini. Iliki iliyosagwa, kijiko kimoja cha chai, inakaa vizuri zaidi na tunda hili. Koroga soda kwenye rojo kwanza na uache dakika tano, utaona likikolea rangi na kushikana. Ongeza sukari na mayai, kisha maziwa na unga kwa zamu, siagi mwisho. Oka kwa nyuzi 163 za Selsiasi (325 za Farenhaiti), dakika 55 hadi 65. Itaumuka, halafu itazama ikipoa na kuwa nzito, yenye unyevu. Inatakiwa iwe hivyo. Anayeendelea kuoka akidhani haijaiva hupata kitu cha kutafuna.

Maandazi yanawezekana pia: kwa nusu kilo ya unga, robo lita ya rojo ichukue nafasi ya sehemu ya tui. Hapo hakuna soda, hamira tu, kwa hiyo tumia rojo lililofaulu lile jaribio la kikaango. Moto uwe mdogo kuliko kawaida kwa sababu sukari ya tunda huunguza nje mapema. Na kwa asiyetaka mashaka yoyote, rojo baridi juu ya mtindi ndiyo namna ninayoipenda kuliko zote.

Tahadhari moja ya afya: tanini ya matunda mabichi hugandamana ikikutana na asidi ya tumbo na inaweza kuunda donge gumu linaloziba utumbo. Madaktari wanalijua vizuri. Wenye matatizo ya tumbo au waliowahi kupasuliwa tumbo wasile matunda mabichi au kwa wingi.

Asiye na muda wa kuokota anaweza kununua rojo lililogandishwa kwa wakulima wa kusini mwa Indiana. Kabla ya kulipa uliza aina ya tunda, kwa kuwa rojo la persimoni za dukani huuzwa kwa jina hilohilo na ni jepesi, lenye maji mengi na ladha hafifu. Ukinunua chujio badala yake, lishike dukani kabla ya kuondoka: ingiza mchi ndani, uzungushe, na uhakikishe unagusa ukuta tangu ncha hadi juu. Mchi mwembamba mno huacha pengo, na kwenye pengo hilo rojo hubaki na mbegu.