Picha ya ukutani au igizo la mwaloni, kipi kitafaa Kibirizi?

Jamani tumebishana sana hapa Kigoma, ukitaka watu waongelee ile tofauti ya tajiri mwenye mtumbwi na mama anayeanika dagaa pale Kibirizi, mwaloni ambako mitumbwi inashusha samaki, uchore ukuta au mpige igizo?

Picha ina raha yake. JR, yule msanii wa picha Mfaransa, 2009 alitandaza mapicha makubwa ya akina mama juu ya mabati ya Kibera, Nairobi, na mi kilichonikosha sio sura, ni lile turubai lililochapwa picha, halipitishi maji, kwahiyo nyumba ikapata picha na paa halivuji. Ila picha nyingine unaipita na boda unasema "kali hiyo" basi.

Igizo ni ule mtindo wa Augusto Boal, mtu wa maigizo wa Brazili, mnaigiza mama anavyopunjwa kwenye bei, linaisha vibaya, halafu mnaanza upya na yeyote kati ya watazamaji anasema "simama!" anaingia yeye kuwa mama ajaribu njia yake, na hapo ndo utamu maana tajiri kakaa mbele anasikia, na yule asiyefungua mdomo kwenye mkutano wa mtaa anaongea kwa jina la mhusika. Shida ni moja, aliyeongea sana kesho tajiri anaweza kumnyima mzigo wa dagaa, watu wa miradi huwa hawaliwazi hilo kabisa.

Mi nachagua igizo, na liwekwe siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa na wengi wao wako nchi kavu.