Riwaya za Fantasia za Kiswahili: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Ingoje

Msomaji wa Unguja au Pemba anayetafuta riwaya ya fantasia kwa Kiswahili hukutana na tabu mbili. Ya kwanza ni kwamba dukani hakuna rafu yenye jina hilo. Majini, wafu wanaofufuka, miji ya mawe na safari za sayari nyengine vyote vimechanganywa na vitabu vya skuli, na muuzaji ukimwambia "fantasia" atakuletea hadithi za watoto. Ya pili ni kwamba watu huchagua kwa wembamba. Mtu anaiona riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi, haifiki kurasa mia, bei yake inachukulika, anaibeba. Akifika ukurasa wa kumi hajui msimulizi yuko wapi wala anatafuta nini, na kitabu kinakwenda kukaa juu ya kabati mpaka kiingie ukungu. Kitabu si kibaya hata kidogo. Kimenunuliwa kabla ya wakati wake.

Ndiyo maana hatukuzipanga riwaya hizi kwa umaarufu. Tumezipanga kwa namna mtu mzima anayesoma baada ya kazi atakavyozifaidi, moja ikimwandalia njia ya nyengine.

Ya kwanza: Babu Alipofufuka

Said Ahmed Mohamed alizaliwa Unguja mwaka 1947, na riwaya hii ilitolewa Nairobi na Jomo Kenyatta Foundation mwaka 2001. Mhusika mkuu anaitwa K., herufi moja na nukta yake, basi. Ni kigogo: jumba, gari la fahari, watu wa kumtumikia. Babu yake aliyekwisha kufa anafufuka na kumjia, halafu anamchukua safari ya kumwonesha alikotoka, alipo, na anakoelekea pamoja na nchi yake.

Tunaiweka juu kwa sababu ya namna ajabu inavyoingia. Haianzi na nchi ya mbali. Inaanza na mtu unayeweza kumtambua, katika nyumba unayoweza kuipita ukienda sokoni, kisha mzuka unakaa naye kama mtu wa nyumbani. Kwa msomaji wa visiwani, ambaye habari za wazee kurudi kuwaandama watoto wao si ngeni barazani, mlango huu uko wazi. Lugha nayo ni ya kwao: msamiati wa pwani na visiwani ambao msomaji wa bara huutafutia kamusi, hapa unasomwa mbio mbio. Ila sentensi zake nyengine ni ndefu na zimejaa. Soma sura moja kwa kikao; ukikimbiza mbili tatu kwa pamoja, mipaka ya ndoto na macho itakupotea.

Kosa linalowapata wanunuzi ni hili. Vitabu vilivyowahi kusomeshwa skuli vina miongozo yake, na jalada la mwongozo huandika jina la riwaya kwa herufi kubwa, neno "Mwongozo" kwa herufi ndogo juu kabisa. Fungua katikati kabla ya kulipa. Ukiona vichwa kama "Dhamira" na "Mbinu za Uandishi", hiyo siyo riwaya.

Ya pili: Adili na Nduguze

Nyumba yenye watoto wa miaka kumi na kuendelea, anza na hii badala ya ile ya juu. Shaaban Robert aliitoa mwaka 1952, na mpaka leo hatujaona fantasia ya Kiswahili inayomshika msomaji haraka zaidi. Adili, liwali wa Janibu, ana manyani wawili. Kila usiku huwachapa viboko mpaka walie, kisha huwakumbatia, hulia nao, na huwalisha kwa mkono wake. Mjumbe wa Mfalme Rai anachungulia, anaona, na hapo Adili hana budi kueleza. Manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, na kuwachapa ni amri ya jini. Ndani ya maelezo hayo kuna bahari, wivu, na mji ambao watu wake wamegeuka mawe.

Angalia ile picha ya viboko na kukumbatia. Mwandishi haanzi kwa kukueleza laana. Anakuonesha mtu mwema akifanya kitendo cha ukatili huku machozi yanamtoka, anakuacha na swali, halafu jibu analichelewesha. Mtoto atakuuliza "kwa nini anawapiga?" na hatakubali kulala kabla ya kujua. Aliyesoma Alfu Lela Ulela ataitambua mifupa ya kisa, lakini nyama ni ya Shaaban Robert: majina yanayosema tabia, na sentensi zilizopimwa kama mizani ya shairi.

Pungufu lake ni kwamba mwema ni mwema tangu mwanzo na hasidi ni hasidi waziwazi. Mtu mzima anayetaka wahusika wenye pande mbili atachoka kidogo. Na jihadhari na nakala za fotokopi zinazouzwa karibu na skuli: herufi za ukingoni hukatwa, na katika kitabu kidogo kama hiki ukikosa kurasa mbili umekosa kisa.

Ya tatu: Walenisi

Katama Mkangi, mwanasosholojia wa pwani ya Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, aliitoa mwaka 1995 kwa East African Educational Publishers (EAEP) ya Nairobi. Dzombo amehukumiwa kufa. Anatiwa ndani ya chombo kilichokusudiwa kumuua, na chombo hicho kinampeleka sayari nyengine. Soma jina polepole: wale-ni-sisi. Nusu ya kwanza inakwenda kwa kasi ya ajabu. Nusu ya pili wenyeji wa sayari wanaeleza mno jinsi wanavyoishi kwa usawa, na hapo kisa kinapungua mwendo. Hata hivyo tunaipa nafasi ya tatu bila kusita, kwa kuwa riwaya za Kiswahili zinazopanda chombo cha anga na kufika ni chache mno, na Kiswahili chake cha pwani ya kaskazini kina ladha ambayo masikio ya Pemba yatafurahi nayo.

Ya nne: Kusadikika

Hii nayo ni ya Shaaban Robert: nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha watu sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema, wakatiwa gerezani. Ilitoka mwaka 1951, wakati wa mkoloni, na aliyeisoma zama hizo alijua mshitaki ni nani.

Wengi huiacha njiani kwa sababu wanaisoma kama riwaya ya vitendo. Ni ya baraza la hukumu, na uzuri wake uko katika maneno. Soma mjumbe mmoja kila usiku, kwa sauti ikiwezekana, na siku sita zitakutosha. Usiichanganye na Kufikirika ya mwandishi huyo huyo, iliyotoka mwaka 1967 baada ya kufa kwake, habari ya mfalme aliyekosa mtoto. Majina yanafanana na majalada hukaa pamoja. Ukiagiza kwa simu, litamke jina herufi kwa herufi.

Ya tano na ya sita

Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) inamzungusha msimulizi katika kijiji cha utandawazi, kijiji ambacho ni dunia nzima, sauti ya mwanamke ikimwongoza. Ni nzuri kwa anayefuatilia siasa za dunia. Asiyezifuatilia ataona mafumbo tu, na hatumlaumu.

Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999) ni nzito kwa namna nyengine. Inaingia ahera, inajadili imani na kukana imani, na kuwapa sauti viumbe ambao watu wengi wa visiwani hawakuzoea kuwasikia wakisema ndani ya kitabu cha hadithi. Tunaiheshimu sana kazi hii, kwani hakuna riwaya nyengine ya Kiswahili tunayoijua iliyothubutu kubeba mzigo huo. Lakini usiinunue kuwa zawadi kwa mtu usiyemjua vyema. Na aliyempenda Mkufya kwa riwaya yake nyengine, Ua la Faraja, ajue kwamba hapa hatamkuta mwandishi yule wa nyumba na hospitali.

Ya mwisho, na ununue mbili kwa pamoja: Nagona na Mzingile

Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe (1944–2020) alizitoa mwaka 1990 na 1991. Kumbuka tunaziweka mwisho kwa mpangilio wa kusoma. Kwa ubora zingepanda juu sana. Katika Nagona msimulizi anapita mji wa kimya, anakutana na wanafalsafa kina Plato, na kila kitu kinaelekea Ngoma Kuu. Hakuna wa kukushika mkono. Muda haufuati mstari, na ukitafuta "kisa ni nini" utatoka mikono mitupu. Aliyekwisha kupita kwa K. na kwa Dzombo huwa amezoea ajabu isiyoelezwa, na hapo Nagona inamfungukia. Mzingile inaendeleza safari hiyo hiyo, ndiyo maana kununua moja peke yake ni kununua mguu mmoja wa kiatu.

Vitabu vinavyodanganya kwa jina

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ina mzimu jaladani lakini ni riwaya ya upelelezi ya mwaka 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa hufumbua mambo kwa akili, si kwa uganga. Inunue, ila kwa haja hiyo. Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed (1990) nayo hununuliwa kama riwaya kumbe ni tamthiliya. Ukiikuta, usiirudishe. Inatendeka Giningi, ile Giningi ambayo kila mtoto wa Pemba ameisikia kuwa ndiko wachawi wanakokutana, chini ya utawala wa Bi Kirembwe, na mtu wa visiwani ataipata kwa undani ambao msomaji wa mbali hana.

Kuagiza na kukagua

Maduka ya Mji Mkongwe na Darajani huwa na Shaaban Robert mara nyingi zaidi kuliko wengine. Kabla ya kutoa pesa, pita Maktaba Kuu pale Maisara usome kurasa ishirini za mwanzo kama kitabu kipo. Vya Dar es Salaam huja kwa boti. Vilivyotoka Nairobi, yaani Babu Alipofufuka, Walenisi na Bina-Adamu!, hupitia Dar, kwa hiyo agizeni watu watatu wanne pamoja mgawane nauli ya mzigo.

Mwambie muuzaji akutumie picha nne kwa WhatsApp: jalada, ukurasa wa haki za uchapaji, ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Katika ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ukiruka 978 kama ipo, vitabu vya Kenya kwa kawaida huanza na 9966 au 9914, na vya Tanzania 9976, 9987 au 9912. Namba isiyolingana na mchapishaji aliyetajwa yaweza kuwa dalili ya nakala ya wizi. Kikifika, hesabu namba za kurasa zote. Kurasa huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, na fungu likiruka huondoka lote, wakati mwengine jengine likajirudia mahali pake.

Tazama mgongo. Kilichoshonwa uzi ndicho bora. Cha gundi kifungue taratibu, kwani gundi kavu hupasuka na kurasa hutoka moja moja. Kilichobanwa pini kiepuke ukiweza: kwa hewa yetu ya chumvi pini hushika kutu, na kutu huila karatasi pale pale kwenye mkunjo. Mzigo wa Pemba ufungwe kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kutiwa boksini. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, usikibane kitabu ukutani. Acha vidole viwili vya nafasi nyuma yake hewa ipite, na kila wiki mbili kipepee kurasa kivulini, si juani, kwa sababu jua huikausha gundi na jalada hupinda.